Goma–Beni: Koti Yangu Dakika Makumi Ine na Tano, Mimi Siku Tano

Bon, nyinyi wote wa Katoyi, kwartie yetu hapa Goma, wenye kuniuliza ku bomba ya maji, ku kinyozi, na hata ndani ya misa wakati wa kupeana amani, ikaeni chini. Nitasema mara moja tu. Mwalimu Bahati, jirani yangu, njo anaandika, juu mimi ku masomo nilifika mpaka ku mulango, nikaona mwalimu iko na fimbo, nikarudi kwetu. Nimemuambia aandike vile nasema, asininyoroshee maneno.

Na ni haki aandike yeye, juu ni yeye alianzisha mambo yote.

Dada yangu mukubwa, Kavira, ule aliolewa kule Beni, alinipigia telefone: mutoto yake Kahindo anaolewa siku ya posho, ni kusema jumamosi. Mimi njo mujomba. Sasa wenye si Wanande kama sisi musikilize muzuri. Mu jamaa yetu, mbuzi za mahari zinaweza kuwa kumi na mbili, zinene kama ngombe ya Masisi, lakini kama mbuzi ya mujomba haijapita mu mukono ya mujomba, hakuna ndoa. Kuko watu wenye kuvaa muzuri na njaa tu. Na usiseme utapiga telefone. Mujomba si sauti. Mujomba ni mukono.

"Kavira," nikamuambia, "njia ni mubaya wakati huu. Musongeze siku."

"Tusongeze tupeleke wapi? Jamaa ya kijana walikimbia kijiji yao. Zile mbuzi wamekusanya moja moja miaka miwili. Wanazificha nyuma ya nyumba ya mutu, na watu wa bunduki wameisha kuzisikia zikilia. Kesho yake, siku ya Mungu, hautakuta hata pembe. Kambale, kijana hana zingine. Ni siku ya posho ao Kahindo anazeekea hapa kwangu."

Hapo njo Mwalimu akatoa telefone yake kubwa yenye ramani, akaweka kidole ku Goma, kingine ku Beni. "Kupita hewani," asema, "ni kilometa mia mbili na makumi ine. Avion inatumia dakika makumi ine na tano."

Dakika makumi ine na tano! Mimi kutoka hapa Katoyi mpaka sokoni siku ya mvua natumia zaidi. Nilitembea na ile habari kwartie nzima. Nikamuambia bibi yangu, Mama Esperance, apike bugali, nitaibeba mu kitambaa, itafika kwa Kavira ingali inatoa moshi.

Ku balance

Siku ya pili, ni kusema jumanne, asubui nilifika ku uwanja wa ndege na valizi moja, na koti yangu. Ile koti munaijua. Ya kijani, vifungo kama visahani vya chai. Nilioa nayo, nilibatiza nayo watoto wote saba. Siku mulima ilitapika moto nilikimbia nikiivaa. Mama Esperance alifika kesho yake, na mpaka leo hajanisamehe.

Ile avion ilikuwa ndogo kama kuku inayolalia mayai. Donc wanapima kila kitu, hata mutu. Mama wa balance alikuwa na kitambaa ku kichwa na uso kama siku ya examen.

"Papa, panda."

Nikapanda. Ile mushale ya balance ilizunguka, ikapita namba zote, ikatafuta zingine.

"Papa, uko mutu mumoja ao umebeba mwenzako ndani?"

"Ni koti, mama."

"Itoe."

Nikaitoa, nikaikunja, nikaiweka mu valizi. Yeye akapima valizi. "Kilo zimetoka ku papa, zimeingia ku valizi."

"Sasa basi si mimi tena, ni valizi."

"Avion inawabeba nyinyi wawili, papa."

Watu wa nyuma walicheka mpaka moja akaangusha samaki zake za sambaza. Lakini akanipitisha. Valizi ikaenda chini kabisa, chini ya mizigo ya wote. Mimi nikakaa ku dirisha, nikafunga mukaba, nikamusalimia piloti kama vile tulisoma pamoja.

Halafu ikakuja gari mbio mbio. Walikuwa wameleta mama moja na kijana, wote wawili wamepigwa masasi mu miguu, walitoka kwenye wanapigana. Hospitali za Goma zilikuwa zimejaa, ya Beni ilikuwa inawangoja. Piloti akasimama, asema watu wawili washuke.

Ndugu zangu, avion yote ikaanza kuangalia dirisha. Ungesema inje kuko mupira. Mama wa balance akaingia na kaye yake ya kuandikia kilo. Kidole yake ikashuka ku liste, polepole, polepole, ikisoma kilo za watu, na mimi nilijua kwenye itasimama. Bugali ya miaka makumi tano njo ilinisemea.

"Papa wa koti."

Nilitaka kubishana. Mudomo ilikuwa imeisha kufunguka. Lakini nikaona muguu ya ule mama, nikashuka bila neno. Ni mara ya kwanza mu maisha yangu kushuka bila neno, ulizeni bibi yangu.

"Na valizi yangu?"

"Iko chini ya zote, papa. Itakungoja Beni. Kesho kuko avion ingine."

Ikaruka. Nikaipungia koti yangu mukono. Bado niko nakula ile bugali pale inje, telefone ikalia. Kavira.

"Valizi imefika. Dakika makumi ine na tano kamili! Wewe uko nyuma ya nani? Hatukuoni."

"Niko Goma."

"Goma unafanya nini?"

Kumueleza ilichukua muda mrefu kuliko ile safari ya valizi. Na mangaribi mizinga ikaanza kulia upande wa juu ya Munigi, uwanja ukafungwa. Ile avion ya kesho ikawa ya kesho kutwa, halafu ikawa ya Mungu akipenda.

Munigi mpaka Kalengera

Siku ya tatu nilipanda kule Munigi kutafuta gari. Nikakuta dereva moja wa Fuso anaenda kununua maharagi Kalengera. Asema, "Njia iko wazi mpaka Rutshuru, papa, nilipita jana." Nikaamini. Mutu mwenye haraka anaamini hata kinyonga akimuambia tukimbizane.

Tulikuwa peke yetu wenye kupanda. Dunia yote ilikuwa inashuka: godoro, kuku, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimejaa masufuria, wamama na watoto mugongoni na mbele. Muzee moja alituangalia tukipita, akaondoa kofia yake, vile watu wanaondoa mbele ya jeneza.

"Anatusalimia," dereva asema.

"Ndiyo," nikamuambia, "anatusalimia kabisa."

Kalengera nilishuka dakika moja tu kununua muhindi wa kuchoma. Wakati ile ile bombe ikaanguka nyuma ya kilima. Yule dereva alizungusha ile Fuso katikati ya njia kama chapati ku sahani. Nilikuwa sijalipwa hata chenji, vumbi yake imeisha kufika Goma. Halafu watu wakasema njia ya kurudi nayo imekatika.

Nikapiga telefone kwa Kavira. Nikasema, "Niko Kalengera, bombe ime..." na telefone ikazima. Haikuwa bombe, ni betri. Lakini Kavira angejuaje? Muiweke hiyo mu akili, itarudi.

Hapo nikabaki katikati ya watu wenye kukimbia, mimi na muhindi mu mukono. Nikaona wananitazama vibaya. Mama moja akanisogelea: mufupi, godoro ku kichwa, watoto watano nyuma yake kama bata, na sufuria mu mukono, kifuniko imefungwa na kamba. Alikuwa muuzaji wa maharagi pale pale. Walimuita Mama Nyota.

"Papa we, unakimbia na nini?"

"Na muhindi."

"Watu wameisha kuanza kusema. Mutu anakimbia bila godoro, bila kuku, bila hata kijiko? Huyu si mukimbizi, ni mupelelezi. Kamata hii sufuria, nawe uonekane mutu."

Nikaikamata. Ilikuwa ya moto.

"Mama, ndani kuko nini?"

"Maharagi. Yalikuwa jikoni. Ningeyaachia nani?"

Kalengera mpaka Bunagana

Tulienda kwa muguu na wengine wote, kuelekea mupaka wa Uganda. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitoke Congo kule Bunagana, nizunguke ndani ya Uganda, niingie Congo tena kule Kasindi, Beni iko pale tu. Ni kama mutu anataka kuingia jikoni, anapitia kwa jirani.

Yale maharagi sitayasahau. Yalianza kutokota Kalengera. Tukipumuzika, Mama Nyota anatafuta mawe matatu, anawasha, anayaweka kidogo. Tukisikia masasi, tunanyanyua, tunaenda. Tukipumuzika tena, mawe matatu. Tulilala kanisani pale njiani, tukayaongezea maji. Siku ya ine njo yakaiva, mita mia mbele ya mupaka. Nimekula mu harusi za wakubwa, nimekula kwa padri, lakini maharagi yenye kuiva na miguu, hapana. Tulikula na kile kifuniko kama sahani, tukipokezana.

Njiani nilimueleza kila kitu: koti, mbuzi, Kahindo. Alicheka mpaka godoro ikaanguka.

"Donc koti yako iko inakula vizuri kule Beni, na wewe unabeba sufuria yangu!"

"Njo vile."

"Papa Kambale, utafika. Mutu mwenye tumbo kama ile hapotei."

Kisoro, mukubwa wa jamaa ya watu saba

Ng'ambo walitupakia mu malori mpaka ku kambi ya kupokelea watu, Kisoro. Kitu ya kwanza niliona ni saa ya ukutani: walikuwa mbele yetu saa moja nzima. Mimi mwenye nilikuwa nahesabu kila dakika, mupaka ikanikulia saa moja bila kunipa hata maji!

Ku meza kulikuwa afande, mutu mupole, Kiswahili yake ya kuokota okota.

"Jina?"

"Kambale."

"Unataka kwenda wapi?"

"Beni."

"Beni ni Congo."

"Najua, mukubwa."

"Na umetoka Congo."

"Asubui hii."

Akaweka kalamu chini. "Umekimbia Congo ili uende Congo."

"Ni njia ya karibu, mukubwa. Koti yangu imeisha kufika."

Hapo akamuita mama muganga wa kambi. Mama muganga akanishika bega taratibu, akanipa maji ya sukari, akanyanyua vidole. "Papa, hivi ni vingapi?"

"Vitatu. Na mbuzi ni kumi na mbili."

Akaandika kitu mu karatasi. Kumbe wakati wa kushuka ku lori walituhesabu pamoja: Mama Nyota, watoto watano, na mwanaume mwenye kubeba sufuria. Mimi njo nilikuwa mukubwa wa jamaa. Na mukubwa wa jamaa haachi jamaa yake: kesho, siku ya tano, basi inatupeleka wote saba ku kambi kubwa, mbali, upande mwingine wa inchi.

Nilipiga kelele, nilipiga magoti, niliimba hata wimbo ya harusi waone si bongo, ni kweli. Mama muganga akaongeza sukari.

Asubui ya siku ya tano Mama Nyota akafunga kitambaa yake muzuri, akaenda mbele ya ile meza.

"Mukubwa, huyu si bwana yangu. Bwana yangu alikuwa anaongea kidogo."

Afande akainua macho. Siku mbili nimetembea naye, nimemueleza habari ya vifungo vya koti, na sikumuuliza bwana yake iko wapi.

"Huyu," asema, "iko na mutoto wa dada anayeolewa. Muache aende. Si wazimu. Aliumbwa vile."

Afande akanifuta ku liste.

Tukaagana ku mulango wa basi yao. Akafungua kamba ya sufuria, akanipa kifuniko.

"Harusi haiendewi na mikono mitupu. Mupelekee Kahindo."

"Na sufuria?"

"Sufuria yangu inabaki. Siku nikirudi Kalengera, aniletee kifuniko yangu. Kama hatuna deni ya kurudi, papa, tutarudi na nini?"

Niliweka kile kifuniko chini ya kwapa. Na mimi munanijua, nililia tone moja tu, lakini kubwa: ingejaza jerikani.

Kabale, Mbarara, Kasese

Uganda niliipita nikikumbatia kifuniko kama usukani. Ngombe za kule ziko na pembe ndefu, ndege zinajenga kiota ku moja, zinaenda kusalimia jirani ku ingine. Watu wote mu basi waliuliza, "Sufuria iko wapi?" Nilichoka kueleza, nikaanza kusema sufuria inakuja na avion.

Kasese nikapata dereva wa lori ya ndizi, Mukonzo. Alinisalimia na luga yake nikaruka, juu Kikonzo na Kinande ni ndugu wa tumbo moja. Nikamueleza mbuzi ya mujomba. Hakucheka hata kidogo. "Mujomba hayuko pale?" asema. "Yesu!" Akakanyaga mafuta mpaka ndizi zikaanza kuiva peke yake.

Kasindi mpaka Beni

Siku ya posho tuliingia Congo. Na pale Kasindi niliangalia saa ya mutu moja, nikakuta wamenirudishia saa yangu moja! Ile saa Uganda ilinikulia Kisoro, Kasindi wameitapika. Bila ile saa, leo hii Kahindo angekuwa anafagia kwa mama yake.

Sasa sikiliza vile mambo ilikuwa kwa Kavira, vile walinieleza nyuma. Tangu ile telefone ilizima na neno "bombe", walikuwa wanalia. Wengine walisema mujomba amekufa, wengine walisema angojewe. Jamaa ya kijana wameleta mbuzi, jua inashuka, na kila mutu anajua kesho mbuzi hazitakuwa. Basi Muzee Paluku, mukubwa wa jamaa yetu kule, akasema: "Fungueni ile valizi."

Wakatoa koti. Wakaiketisha mu kiti ya mujomba. Wakaisalimia, mukono kwa mukono, yaani mikono yao na mikono ya koti. Wakaiwekea kasiksi, pombe ya ndizi, mbele. Muzee asema, "Kama iko muzima, koti inamusimamia. Kama hayuko, inamusimamia zaidi." Halafu akafunga kamba ya mbuzi ku mukono wa koti, ili mbuzi ipite mu mukono ya mujomba.

Sasa mbuzi ni mbuzi. Iliangalia kile kifungo kama kisahani, ikakionja, ikakimeza. Ikakohoa. Mutu akapiga kigelegele. Mbuzi ikashituka, ikaruka kiti, ikatoka mbio na koti yangu nyuma inapeperuka kama mutu anakimbizwa na deni.

Mimi wakati ile ile niko naingia ku mulango wa lupango ya Kavira, jasho, vumbi ya inchi mbili, Congo na Uganda. Kitu ya kwanza nasikia ni watu makumi sita wanapiga kelele:

"Shikeni mujomba! Mujomba anakimbia! Mumukate njia!"

Ndugu zangu, miaka yote hii ya vita imetufundisha kitu moja: wakisema shikeni, simama, inua mikono. Nikasimama. Nikainua mikono, na kifuniko mu mukono. Nikafunga macho, nikaanza Salamu Maria.

NGOOO! Mbuzi iligonga kifuniko na kichwa. Ilianguka kule, nikaanguka huku, kamba ikapita juu yangu, nikaikamata, si kwa akili, kwa uoga tu. Kufungua macho, nimekumbatiana na koti yangu.

Kavira akakuja polepole, mikono ku kichwa.

"Kambale... umekufa?"

"Bado."

Akanipiga kofi, halafu akanikumbatia, halafu akanipiga ingine. Muzee Paluku akakuja na fimbo yake, akawaondoa watu wote, akainama. Hakuangalia uso yangu. Aliangalia mukono yangu kwenye kamba, muda mrefu.

"Mbuzi," asema, "imepita mu mukono ya mujomba. Imeisha."

Vigelegele ya siku ile nilizani mulima imepasuka tena. Kahindo alicheza mpaka kiatu moja ikapotea, mpaka leo haijaonekana. Halafu mbuzi ikachinjwa, kukawa maneno juu ya muguu yake ya nyuma, sehemu ya mujomba. Muzee asema ile ni ya mwenye aliketi ku kiti, na aliyeketi ni koti. Tukakubaliana koti ikule kupitia mimi.

Kabla jua haijazama, mbuzi zingine zilikuwa zimeisha kugawanyika mu jamaa, kila moja njia yake. Siku ya Mungu watu wa bunduki walipita kweli. Wakakuta mifupa ya moja, na sisi tunaimba.

Kurudi

Nilirudi na avion siku walifungua uwanja. Mama wa balance, ule ule wa Goma, alikuwa amekuja na ile avion; alinipima, mushale ikasimama katikati. Akaangalia namba, akaangalia koti yenye kupungukiwa kifungo.

"Papa, mwenzako wa ndani alibaki wapi?"

Nikafunga mukaba, nikasema leo nitaihesabu hii safari dakika kwa dakika. Nikalala. Nikaamuka Goma. Basi musiniulize njia ya hewani iko namna gani, muulize koti.

Kile kifuniko Kahindo amekitundika ku musumari jikoni. Kiko na alama ya pembe katikati. Hakifuniki kitu, amekataza watu wote kukigusa. Kila mara akinipigia anauliza kama Kalengera watu wameisha kurudi.

Jana nilimuambia Mwalimu atoe tena ile telefone, aweke kidole ku Beni, ingine kwa Mama Nyota, aniambie ni dakika ngapi. Akauliza Mama Nyota iko kambi gani. Sijui. Akaangalia ile telefone, akairudisha mu mufuko.

Andika tu hivi, Mwalimu, Mama Nyota asikie: kifuniko iko.